Barua iko mikononi mwa nani? Kazi ya kila siku ya msimamizi wa seva za barua pepe

Malalamiko yanayomfikia msimamizi wa seva za barua pepe mara nyingi kuliko mengine yote ni mafupi: "Nimetuma tangu asubuhi, wenzetu wanasema hawajaona kitu." Anayelalamika huwa ameshaamua kwamba barua imepotea. Kwa kweli barua pepe kupotea bila kuacha alama yoyote ni jambo la nadra. Karibu kila mara iko mahali panapojulikana: haijatoka kwenye simu ya mtumaji, inasubiri kwenye foleni ya seva yetu, imekataliwa upande wa pili na taarifa ya kukataliwa imerudi bila kusomwa, au imefika salama na kulazwa kwenye folda ya taka. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuweza kusema, kwa barua yoyote na kwa dakika yoyote, ni seva gani inayoishika.

Uwezo huo unatokana na kanuni moja ya itifaki ya SMTP (lugha ambayo seva hutumia kupelekeana barua), ile ambayo Jon Postel aliiandika katika waraka wa RFC 821 Agosti 1982 na ambayo ilibaki hata waraka huo ulipoandikwa upya kama RFC 5321 mwaka 2008. Seva inayopokea ikishajibu "250" baada ya barua kumalizika, imebeba jukumu: ama iifikishe, ama imjulishe mtumaji kwamba imeshindwa. Seva inayotuma nayo hairuhusiwi kuiondoa barua kwenye foleni yake kabla ya kupewa jibu hilo. Waliofanya kazi maofisini enzi za tarishi wanalijua daftari la dispachi: tarishi harudi ofisini mpaka aliyepokea bahasha atie saini, na bahasha isipoonekana, daftari linafunguliwa na aliyesaini anaulizwa. SMTP inafanya vivyo hivyo, mara nyingi kwa sekunde, kati ya mashine zisizojuana kabisa.

Kutuma ni kazi moja, kusoma ni nyingine

Kinachoitwa "seva ya barua pepe" huwa ni programu kadhaa zinazokaa pamoja. Kwenye mashine nyingi za Linux, Postfix ndiyo inayotuma barua na kuzipokea kutoka seva nyingine. Iliandikwa na Wietse Venema alipokuwa IBM na ikatolewa mwaka 1998. Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002, humwonyesha mtu barua zilizokwisha kuingia kwenye kisanduku chake. Katikati yao kuna kichujio cha taka kama Rspamd au SpamAssassin. Nje ya mashine kuna DNS, ambayo huiambia dunia barua za kikoa chako, yaani jina linalofuata alama ya @, zipelekwe wapi.

Ndiyo maana mtu anaweza kusoma barua zake vizuri tu na asiweze kutuma hata moja. Kusoma kunapita poti 993 (mlango wenye namba kwenye seva) kwa itifaki ya IMAP. Kutuma kunapita poti 587 au 465 kwa SMTP na kunahitaji nenosiri. Akibadilisha nenosiri kwenye simu upande mmoja na kuusahau wa pili, nusu ya huduma inakufa. Kwa hiyo mtu akija na habari kwamba imeili imegoma, swali la kwanza la msimamizi ni hilo: kutuma au kupokea? Jibu lake linaondoa nusu ya utafutaji.

Barua ikishakubaliwa kutoka kwa mtumaji, Postfix huuliza DNS rekodi ya MX ya kikoa cha mpokeaji, yaani inayotaja seva za kupokea barua zake. Majibu yanaweza kuwa seva mbili au tatu, kila moja na namba yake ya kipaumbele, na yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. Kisha muunganisho unafunguliwa kwenye poti 25 na mazungumzo yanaanza, kwa maandishi ambayo hata binadamu anaweza kuyafuata. Seva ya upande wa pili inasema 220, yaani iko tayari. Yetu inajitambulisha kwa EHLO na jina lake, inataja mtumaji kwa MAIL FROM, mpokeaji kwa RCPT TO, inasema DATA, halafu inaimimina barua yenyewe. Kila hatua inajibiwa kwa namba ya tarakimu tatu, na ya kwanza ndiyo inayoamua: 2 ni ndiyo, 4 ni "kwa sasa siwezi, rudi baadaye", 5 ni hapana ya moja kwa moja.

Hapo kuna jambo dogo ambalo tutalihitaji mbele. Anwani inayotajwa kwenye MAIL FROM ni ya bahasha. Anwani anayoiona msomaji kwenye mstari wa "Kutoka kwa" imo ndani ya barua. Hizi ni anwani mbili tofauti, na SMTP yenyewe haidai zifanane wala haichunguzi kama mtumaji ana haki ya kuzitumia.

Foleni

Kitu cha kwanza ambacho msimamizi makini hukitazama akifika kazini ni foleni, kwa amri ya `postqueue -p`. Foleni yenye barua chache ni afya. Foleni yenye barua mia nne zote zikielekea kikoa kimoja inasema kikoa hicho kina matatizo, au kimetukasirikia. Foleni yenye barua elfu nyingi kutoka kwa mtumaji mmoja, kwenda kwa watu ambao hajawahi kuwaandikia, ni dalili ya hatari nitakayoieleza baadaye.

Barua inayojibiwa kwa namba inayoanza na 4 hairudishwi. Inakaa. Postfix kwa mipangilio yake ya asili hujaribu tena baada ya dakika tano hivi, halafu hurefusha mapumziko hadi kufikia sekunde 4000, yaani zaidi kidogo ya saa moja, na haikati tamaa mpaka siku 5 zipite. Subira hii inaonekana thamani yake mtandao unapoanguka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora vibaya Tanzania na kwa majirani zake. Katika hali kama ile tovuti hukataa kufunguka papo hapo na mikutano ya video hukatika, lakini barua iliyokwisha kuingia kwenye foleni haidhuriki. Inajaribiwa na kushindwa, inajaribiwa tena, na njia ikirudi inaondoka bila mtu kubonyeza chochote.

Bila kubonyeza chochote: nalisisitiza hilo. Mtandao ukirudi, mkono huwasha kuamuru foleni yote itumwe mara moja, tena na tena. Seva kubwa za kupokea huweka kikomo cha miunganisho kutoka anwani moja ya IP (namba inayoitambulisha mashine mtandaoni), na foleni nzima ikizivamia kwa pamoja zinaanza kujibu 421. Hapo umejitengenezea ucheleweshaji wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kuna mpangilio mmoja wa asili ambao nashauri ubadilishwe kila mahali. Postfix, ikiachwa ilivyo, haimwambii mtumaji kwamba barua yake imechelewa; `delay_warning_time` imewekwa sifuri, yaani kimya. Mhasibu anatuma nyaraka za zabuni Jumatatu, seva ya mteja haipatikani, na taarifa ya kushindwa inamfikia Jumamosi wakati zabuni imeshafungwa. Ukiweka muda wa saa nne, atajua siku hiyohiyo na atapiga simu. Kukaa kimya siku tano kunakubalika kwa mujibu wa itifaki, ila kunamwumiza mtu aliyekuwa na nafasi ya kujiokoa.

Ucheleweshaji mwingine ni wa makusudi. Mwaka 2003 Evan Harris alipendekeza mbinu ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita kumsubirisha mgeni: seva ikikutana kwa mara ya kwanza na mtumaji, mpokeaji na anwani ya IP ambao haijawahi kuwaona pamoja, hujibu kwa namba ya 4. Seva ya kweli itarudi baada ya dakika chache kwa sababu ina foleni. Programu za kumwaga taka mara nyingi hazirudi. Mbinu inafanya kazi, lakini namba ya siri ya benki inayotakiwa ndani ya dakika tatu haiwezi kusubiri dakika kumi, kwa hiyo wengi siku hizi wanaitumia kwa barua zenye dalili mbaya tu.

Kuifuatilia barua moja

Kila barua inayoingia Postfix hupewa kitambulisho, na kila hatua yake huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, ambazo mafundi wengi huziita logi. Ukikitafuta kitambulisho hicho unapata maisha ya barua kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari wa mwisho unaweza kuwa hivi:

`to=<uhasibu@kampuni.example>, relay=mx1.kampuni.example[192.0.2.25]:25, delay=2.1, dsn=2.0.0, status=sent (250 2.0.0 Ok: queued as 9C41E2007B)`

Mstari huu ni ushahidi. Unasema seva gani imepokea, kwa anwani gani ya IP, baada ya sekunde ngapi, na kilicho muhimu zaidi, kitambulisho ambacho upande wa pili umeipa barua hiyo. Msimamizi akimpa mwenzake wa kampuni ile namba 9C41E2007B, ubishi wa "hamkutuma" unakwisha, na mwenzake anaanza kutafuta kwake. Mara nyingi ataikuta imelala kwenye folda ya taka ya mpokeaji, au kwenye karantini ambayo mpokeaji hajui kuwa ipo.

Saa nazo zina mtego wake. Mtumaji anasema ametuma saa nne asubuhi. Logi inasema 10:04, na ni kitu kilekile. Lakini vichwa vya barua, ile mistari ya "Received" ambayo kila seva inaongeza juu ya barua, huandikwa kwa saa ya kila seva: moja inaweka +0300 ya Afrika Mashariki, nyingine +0000, nyingine -0700 kwa sababu iko magharibi mwa Marekani. Mistari hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu, na kila saa igeuzwe kabla ya kuhesabu. Mtu akisoma kwa haraka ataona barua imechukua saa kumi njiani, kumbe ni sekunde nne. Na kama saa ya seva yako yenyewe imekosea, ushahidi wako wote una dosari, kwa hiyo kuoanisha saa kwa NTP si pambo.

Mistari inayoonyesha kukataliwa inahitaji kusomwa neno kwa neno. "550 5.1.1" ni anwani isiyokuwepo, na mara nyingi ni herufi iliyorukwa. "552" ni ukubwa. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri, na mgeuzo huo unakiongezea zaidi ya theluthi ya ukubwa wake. Kikomo cha asili cha Postfix ni baiti 10,240,000, kwa hiyo faili la megabaiti 8, ambalo kwenye kompyuta linaonekana kuwa ndani ya kikomo, njiani linakaribia 11 na kukataliwa. Msimamizi asiyeeleza hivyo anaonekana mwongo.

Jinsi seva zisizojuana zinavyoaminiana

Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti. Tangazo hilo ndilo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. SMTP ilipoandikwa miaka minne baadaye, bado ilichukulia kwamba kila seva iko mikononi mwa mtu mwaminifu. Seva zilikubali kusafirisha barua ya yeyote kwenda kwa yeyote, na hilo lilionekana kuwa msaada kwa jirani. Miaka ya 1990 wamwaga taka waliligeuza kuwa mtaji. Leo seva inayosafirisha barua za kila mtu bila nenosiri hugunduliwa haraka na kufungiwa nje ya mtandao wa barua karibu mara moja.

Ulinzi wa kwanza ulikuwa orodha nyeusi, yaani orodha ya IP zinazojulikana kwa kumwaga taka. Paul Vixie alianzisha ya mwanzo mwaka 1997, na mwaka 1998 Steve Linford alianzisha Spamhaus, ambayo orodha zake ndizo zinazotumiwa zaidi. Zinaulizwa kupitia DNS: IP 192.0.2.25 ikikugongea mlango, seva yako inauliza jina `25.2.0.192.zen.spamhaus.org`. Jibu likiwepo, IP hiyo imeorodheshwa. Lakini si kila jibu lina maana hiyo, na hapa ndipo wasimamizi wapya wanaponaswa. Spamhaus haiwajibu wanaouliza kupitia DNS za umma kama 8.8.8.8; inawarudishia 127.255.255.254, namba ya kusema umeuliza kwa njia isiyoruhusiwa. Seva iliyopangwa kukataa kwa jibu lolote itaikataa barua ya kila mtu duniani. Dawa ni kuweka DNS yako mwenyewe kwenye seva na kuainisha majibu unayoyakubali.

Orodha nyeusi inahusu IP tu. Haijibu swali la nani ana haki ya kutumia jina la kikoa chako. Swali hilo linajibiwa na rekodi tatu ambazo watu huzitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, na kuzichanganya ndiko chanzo cha usiku mwingi wa kukesha.

SPF ni orodha unayoitangaza kwenye DNS ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako. Seva inayopokea huilinganisha IP iliyopiga hodi na orodha hiyo. Inaangalia anwani ya bahasha peke yake. Mstari anaouona msomaji hauigusi. Kuna makosa mawili ya kila siku. La kwanza ni kuwa na rekodi mbili za SPF kwa kikoa kimoja, jambo linalozifanya zote mbili kuwa batili. La pili ni kujaza: kila huduma mpya inaomba iongezwe, mpaka orodha inapita kikomo cha maulizo 10 ya DNS na kushindwa kabisa, bila kelele.

DKIM ni saini. Seva yako inatia saini barua inapotoka, kwa ufunguo wa siri ulio kwenye mashine, na inatangaza ufunguo wa umma kwenye DNS ili yeyote ahakiki. Saini inathibitisha mambo mawili: kikoa kilichosaini, na kwamba sehemu zilizosainiwa hazijaguswa njiani. Ugumu wake wa kila siku ni wa kawaida kabisa. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoruhusiwa katika kipande kimoja cha rekodi ya TXT, kwa hiyo lazima ukatwe vipande, na nafasi moja iliyoingia wakati wa kunakili inatosha kuibatilisha saini ya taasisi nzima.

DMARC, iliyoandikwa kama RFC 7489 mwaka 2015, ndiyo inayoziunganisha hizo mbili na mstari anaouona binadamu. Inauliza: je, SPF au DKIM imefaulu, na je, kikoa kilichofaulu ndicho kile kilichoandikwa kwenye "Kutoka kwa"? Moja ikitimia, barua imepita. Zote zikishindwa, mwenye kikoa ndiye anayesema la kufanya: `none`, ikubali uniarifu tu, `quarantine`, iweke na taka, `reject`, ikatae. Tapeli anaweza kuwa na SPF na DKIM safi kabisa za kikoa chake mwenyewe huku akiandika jina lako kwenye mstari unaoonekana. Bila DMARC anapita.

Nashauri kuanza na `none` na kusoma ripoti, ambazo seva kubwa hukutumia kila siku kama mafaili ya XML. Ripoti hizo ni darasa. Chuo kinachodhani kinatuma barua kutoka seva moja kitagundua mfumo wa mishahara unaotuma hati kutoka kwa mtoa huduma mwingine, ofisi ya udahili inayotumia huduma ya matangazo, na mashine ya kunakili karatasi iliyopangwa na fundi aliyekwisha kuondoka. Ukirukia `reject` kabla ya kuwajua wote hao, unawakatia barua wafanyakazi wako mwenyewe. Ukibaki kwenye `none` miaka yote, tapeli hajazuiwa na chochote. Vikoa vingi vimekwama hapo, na naona ni uzembe unaowagharimu wateja wao.

Februari 2024 Google na Yahoo ziligeuza ushauri huu kuwa sharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia rahisi ya kujiondoa kwenye barua za matangazo, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Wadogo nao hawakuachwa: SPF au DKIM, pamoja na rekodi ya PTR inayorudisha IP kwenye jina. PTR hiyo ina usumbufu wake. Rekodi nyingine zote unazibadilisha mwenyewe kwenye kikoa chako. PTR iko kwa mwenye IP, yaani kampuni inayokuuzia intaneti. Unaandika barua, unapiga simu, unaeleza tena kwa mtu mwingine. Seva nzuri imeshindwa kutuma kwa wiki nzima kwa kukosa mstari huo mmoja.

Kinachovunja mpangilio huu bila nia mbaya ni kuelekeza barua. Mhadhiri anaomba kila barua ya chuo ipelekwe Gmail yake binafsi. Barua inafika Gmail ikitoka kwenye IP ya chuo huku bahasha ikitaja kikoa cha mtu mwingine, na SPF inashindwa. DKIM huvuka salama kama hakuna aliyeigusa barua. Kibaya zaidi, taka zote zinazomfikia mhadhiri sasa zinaonekana kutoka chuoni, na ni jina la chuo linaloharibika. Ni afadhali kumfundisha kuweka akaunti mbili kwenye simu moja.

Siku nenosiri linapoibwa

Mtu amepokea barua inayomwambia kisanduku chake kimejaa, amebofya, ameandika nenosiri kwenye ukurasa wa uongo. Usiku, akaunti yake inaanza kutuma. Kwa msimamizi dalili ni foleni iliyovimba, na kwenye logi jina moja linaloingia kutoka nchi sita ndani ya dakika kumi.

Utaratibu wa kushughulikia hali hiyo una mpangilio wake, na kuuruka kunarudisha tatizo. Zuia akaunti isitume, kisha badilisha nenosiri, kisha kata miunganisho iliyo wazi, maana muunganisho wa IMAP uliofunguliwa kwa nenosiri la zamani unaweza kuendelea kuwa hai. Futa barua za mwizi kwenye foleni kwa kumchagua mtumaji huyo, usifagie foleni yote, kwa sababu humo mna barua halali za wengine. Kagua sheria za kisanduku: je, kuna inayopeleka nakala nje? Mwisho kabisa ndipo uombe kuondolewa kwenye orodha nyeusi. Ukiomba mapema, taka zinaendelea, unaorodheshwa tena, na ombi la pili halisikilizwi haraka. Kikomo cha barua kwa saa kwa kila akaunti, kikiwa kimewekwa kabla, hupunguza janga zima kuwa usumbufu wa asubuhi moja.

Huyo ni mwizi mwenye kelele. Namwogopa zaidi yule asiyetuma chochote. Anaingia, anaweka sheria ya kumpelekea nakala ya kila barua yenye neno "ankara" au "invoice", na anasoma kwa wiki kadhaa. Siku malipo makubwa yanapokaribia, anamwandikia mteja kwa lugha ileile ya mhasibu na kusema akaunti ya benki imebadilika. Kwenye foleni haonekani. Anaonekana kwenye orodha ya walioingia na kwenye sheria za visanduku, na orodha hizo hazijisomi. Uthibitisho wa hatua mbili unamzuia kwa kiasi kikubwa. Kuna pia upande wa sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72 tangu ulipojulikana, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kisanduku cha ofisa rasilimali watu kimejaa vyeti, mishahara na hati za hospitali. Kuibwa kwake si suala la TEHAMA peke yake.

Msimamizi mwenyewe anaweza kufungua kisanduku cha mtu yeyote kwenye seva. Logi zinatosha kujibu karibu kila swali bila kugusa mwili wa barua, na hapo ndipo mkono unapaswa kuishia. Bosi akitaka barua za mfanyakazi zisomwe, aandike, aweke saini, na mwanasheria ajue.

Yasiyoonekana

Mengine ni matunzo. Diski ikijaa, Postfix inajibu 452 na kuacha kupokea. Barua zinasubiri kwa watumaji, na una siku chache tu za kulitatua kabla hazijaanza kurudishwa. Vyeti vya Let's Encrypt, vinavyolinda muunganisho wa seva usisomwe na wengine, vimezoeleka kudumu siku 90 na hujisasisha vyenyewe, lakini Dovecot isipoambiwa isome cheti kipya itaendelea kutoa kilichokwisha muda. Masasisho ya usalama hayasubiri mwisho wa mwezi: Machi 2021 mianya ya Microsoft Exchange ilitumiwa kuvamia maelfu ya seva duniani, na nyingi kati yake ziliingiliwa baada ya kiraka, yaani marekebisho ya programu, kutolewa. Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio isihesabiwe kuwa ipo. Na anwani ya `postmaster`, ambayo RFC 5321 inaitaka kwa kila kikoa kinachopokea barua, pamoja na `abuse`, zisomwe na mtu aliye hai, kwa sababu huko ndiko msimamizi wa upande wa pili atakapokuandikia akiona seva yako inafanya vituko.

Taasisi nyingi zinajiuliza kama mzigo huu una maana, wakati Google na Microsoft wanauza huduma iliyo tayari. Kwa ofisi ya watu kumi isiyo na fundi, naona jibu ni kukodi. Kwa chuo, hospitali au idara yenye barua ambazo hazipaswi kukaa nje ya nchi, seva ya ndani inayotunzwa na watu wawili wanaojua kazi bado ni uamuzi wa busara. Wawili, kwa sababu mmoja ataugua. Lakini anayekodi asidhani amekabidhi kila kitu. Mtoa huduma anatunza diski, foleni na viraka. Rekodi za MX, SPF, DKIM na DMARC bado ziko kwenye DNS yako, na akaunti ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwezi uliopita itaendelea kuwa wazi mpaka mtu wa kwako aifunge.